Dar hadi Guangzhou: kuanzia kufunga begi mpaka usiku wa kwanza

Mara yangu ya kwanza kutua Guangzhou, China, nilikuwa na dola kibindoni, orodha ya bidhaa mfukoni, na jina la hoteli nililoliandika kwa herufi hizi hizi za kwetu. Dereva wa teksi alikipokea kile kikaratasi, akakiangalia, akakigeuza, akanirudishia. Wa pili naye vivyo hivyo. Simu ilikuwa na bando la Dar, yaani haikuwa na kitu. Nilikaa juu ya begi langu pembeni mwa foleni mpaka kijana mmoja wa Mali, aliyekuja kumpokea ndugu yake, aliposoma neno "Xiaobei", mtaa wanakofikia Waafrika wengi, akacheka, akaniambia nipande gari lao.

Nilikuwa nimejiandaa kwa biashara, sikujiandaa kwa safari. Wenzangu wa Kariakoo wanaokwenda kwa mara ya kwanza bado wanarudia kosa lilelile: bei ya jumla ya kava la simu wanaijua mpaka senti ya mwisho, lakini watalipaje nauli ya kutoka uwanja wa ndege, hawajui. Kwa hiyo hapa nazungumzia maandalizi na siku moja na nusu tu ya njiani: kutoka nyumbani Dar, kupitia Addis Ababa, mpaka unapozima taa ya chumba chako Guangzhou. Ukipitia Doha, Dubai au Nairobi, mengi ni yaleyale. Kununua mzigo ni somo jingine.

Kabla ya tiketi, tazama kalenda

Usiende karibu na Mwaka Mpya wa Kichina, ambao huangukia kati ya kama 21 Januari na 20 Februari. Wafanyakazi wa viwandani na madukani wanarudi makwao, na masoko yanaweza kukaa wiki mbili na zaidi yakiwa yamefungwa makufuli. Wiki ya kwanza ya Oktoba nayo ni sikukuu ya taifa. Maonyesho makubwa ya biashara ya Canton (jina la zamani la Guangzhou), yanayofanyika tangu 1957, huwa mara mbili kwa mwaka: 15 Aprili hadi 5 Mei, na 15 Oktoba hadi 4 Novemba. Ukienda tarehe hizo bila kuweka chumba mapema, utalipa bei ambayo hutaisimulia nyumbani.

Wiki moja kabla: simu ndiyo pochi

China noti bado zinapokelewa, ila muuza machungwa wa barabarani ana msimbo wa QR umening'inia kwenye mkokoteni, na ukimpa noti ya yuani 100 anaanza kuzunguka kwa majirani kutafuta chenji. Kila mtu analipa kwa simu. Kwa hiyo pakua Alipay, programu ya Kichina ya kulipia kwa simu, ungali Dar. Jisajili kwa namba yako ya Tanzania, piga picha pasipoti, halafu unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard.

Kwenye kuunganisha kadi ndipo wengi wanapokwama, na wanakwama kwa sababu ndogo tu. Benki ikitaka kuhakikisha kuwa kadi ni yako, inatuma tarakimu za siri kwa SMS kwenye laini yako ya Tanzania. Ukiwa Dar, hilo ni jambo la sekunde kumi. Ukiwa Guangzhou na laini haijafunguliwa kutumika ng'ambo, SMS haifiki, kadi haiungani, na una njaa. Basi fanya haya kwa mpangilio huu, yote siku moja:

1. Nenda au piga simu benki. Omba kadi ifunguliwe kwa malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi, na uulize kikomo chake kwa siku.
2. Kwenye kampuni ya simu, fungua roming. Usiwaache wakufungulie "ukifika", maana ukifika hutaweza kuwapigia.
3. Unganisha kadi na Alipay, subiri SMS, ingiza tarakimu.
4. Ukiweza, chukua kadi ya benki ya pili uiunganishe pia. Kadi moja hugoma siku usiyoitaka.

Malipo yasiyozidi yuani 200 kwa kadi ya nje hayana makato ya Alipay; yakizidi hapo wanakata asilimia 3. Kwa wali, maji na nauli huoni maumivu. Mzigo usiulipe kwa njia hii.

WeChat nayo, ambayo ndiyo WhatsApp ya Wachina, ipakue mapema, kwani wenye maduka wote utawasiliana nao humo. Usajili wake mara nyingi unadai mtu mwenye akaunti ya siku nyingi akudhamini kwa kuskani msimbo kwenye simu yako. Kariakoo hukosi mtu huyo, mnunulie soda.

Sasa intaneti. WhatsApp, Google, YouTube, Facebook na Instagram zimefungwa China. Ukiunga Wi-Fi ya hoteli, WhatsApp itazunguka tu na nyumbani watadhani umepotea. Ila data ya laini ya Tanzania iliyo kwenye roming, au eSIM ya wasafiri (laini ya kupakua kwenye simu, isiyo na kadi) uliyoinunua kabla ya kuondoka, kwa kawaida hupitia mitandao ya nje ya China, ndiyo maana hapo WhatsApp inaamka. Roming ni ghali, hivyo mimi laini ya Tanzania naiachia SMS za benki, na data natumia eSIM. Na kwa tahadhari, mtu mmoja nyumbani awe na WeChat.

Ramani ya Google nayo huko haitegemeki hata ikifunguka. Tumia Amap, ramani ya Wachina wenyewe. Halafu, baada ya teknolojia yote hiyo, chapisha kwenye karatasi jina la hoteli, anwani kwa Kichina na namba ya simu ya mapokezi, kwa herufi kubwa. Simu huzima chaji, karatasi haizimi.

Makaratasi na fedha taslimu

Viza ya China ina mambo mawili ambayo watu huyachanganya: tarehe ya mwisho ya kuingia, na idadi ya siku za kukaa kila unapoingia. Kama ni siku 30, zinahesabiwa tangu unapoingia, wala si tangu ubalozi ulipokugongea. Andika tarehe yako ya mwisho kwenye simu na kwenye daftari. Ukizidisha siku, faini ni yuani 500 kwa kila siku, mpaka kufikia 10,000, au unawekwa ndani.

Funga kwenye bahasha moja: pasipoti, nakala yake, tiketi ya kurudi, uthibitisho wa hoteli, barua ya mwaliko kama viza yako ni ya biashara, na kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Bahasha hiyo inakaa kwenye begi la mkononi, haipandi kwenye mzigo.

Fedha taslimu: kutoka Tanzania, ukiwa na dola 10,000 au zaidi unatakiwa kutoa taarifa forodhani. Kuingia China, kikomo cha fedha za kigeni usizotolea taarifa ni kiasi cha dola 5,000, na cha yuani ni 20,000. Watu wengi wanaijua ile ya kwanza, ya pili inawakuta wakiwa wamechoka, usingizini nusu, mbele ya afisa. Toa taarifa, kujaza fomu hakukugharimu kitu. Tafuta na yuani 500 hivi Dar kabla hujaondoka, za siku ya kwanza endapo simu itakugomea.

Tiketi haijui Kiswahili

Shemeji yangu ndege yake iliandikwa Jumamosi, 00:20. Jumamosi jioni pilau likapikwa, wazee wakaomba dua, tukamsindikiza. Tulipofika uwanjani saa tatu usiku, ndege ilikuwa imeondoka tangu usiku uliopita na abiria wenzake walikuwa wameshalala hotelini kwao.

Tiketi inaanza siku saa sita usiku. Jumamosi 00:20 ni saa sita na dakika ishirini, usiku wa kuamkia Jumamosi. Ijumaa jioni uwe uwanjani. Ajabu ni kwamba bibi yangu wa Bagamoyo asingekosea. Kwa hesabu ya zamani ya pwani siku inaanza magharibi, na "usiku wa Jumamosi" ulikuwa ni ule unaofuata Ijumaa. Sisi wa sasa tumeshika nusu ya huku na nusu ya kule.

Kwa hiyo, tiketi ikitoka, chukua kalamu. Kila saa iliyoandikwa, iandike upya kwa Kiswahili na jina la siku: 17:30 ni saa kumi na moja na nusu jioni, 03:00 ni saa tisa usiku wa kuamkia siku hiyo. Mpe na anayekusindikiza nakala. Guangzhou iko mbele yetu kwa saa tano, na saa ya kutua iliyoandikwa kwenye tiketi ni ya huko.

Begi, na mizigo ya watu

Nenda na begi tupu nusu. Tiketi nyingi za njia hii zinaruhusu vipande viwili vya kilo 23, lakini soma yako, maana za bei rahisi hazilingani. Ile nafasi tupu ni ya sampuli wakati wa kurudi. Nguo chukua za siku nne, kuna mashine za kufulia. Kuanzia Aprili mpaka Septemba ni joto, jasho na mvua, kama Dar ya masika; Januari chukua sweta na koti.

Chaja zetu za pini tatu nene hazingii kwenye soketi za China, ambazo ni za pini bapa. Adapta nunua hapahapa. Pawa benki ikae begi la mkononi, na iwe na maandishi yanayosomeka ya ukubwa wake. Kikomo cha kawaida ni saa-wati (Wh) 100. Ya mAh 20,000 ni kama 74, inapita. Isiyo na maandishi inatupwa hata kama ni nzima. Na kama utaunganisha ndege ya ndani ya China, tangu 28 Juni 2025 wanataka pawa benki yenye alama yao ya ubora ya 3C. Zetu nyingi hazina.

Sasa la mizigo ya watu. Wakishasikia unakwenda, utaletewa: dawa za kienyeji za mjomba, unga wa lishe wa mtoto wa jirani, kifurushi "kidogo tu" kilichofungwa vizuri kwa gundi. Kataa. Sheria ya China inaruhusu hukumu ya kifo kwa mtu anayeingiza gramu 50 za heroini, na mahakama haitamtafuta jirani yako, itakutafuta wewe ambaye jina lako liko kwenye begi. Mimi nasema neno moja kwa wote, hata kwa dada yangu wa tumbo moja: leta kikiwa wazi, nikifunge mwenyewe, na kikiwa ni unga wa aina yoyote hakipandi. Wamenuna wengi. Bado tunakula sikukuu pamoja.

Uwanjani Dar

Ndege za kimataifa zinaondokea Jengo la Tatu la JNIA, yaani uwanja wa Julius Nyerere, lililofunguliwa 2019. Mwambie dereva jengo, asikupeleke la zamani. Fika saa tatu kabla, na foleni ya Barabara ya Nyerere jioni uiongezee saa yake peke yake.

Kaunta, begi likishapimwa, usiondoke mpaka umesoma ile karatasi inayofungwa kwenye mkono wa begi. Herufi tatu za kituo cha mwisho ziwe CAN, ndiyo Guangzhou. Ikiishia ADD, begi lako litashuka Addis na wewe utaendelea bila nguo. Kile kijikaratasi cha stakabadhi kinachobandikwa nyuma ya pasi ya kupandia, kipige picha palepale. Uwe umepewa pasi mbili, moja mpaka Addis na nyingine kutoka Addis. Kama unataka mlo wa halali, uwe umeuagiza kwa shirika angalau saa 24 kabla.

Addis: saa kama zetu, baridi si yetu

Mwendo wa kama saa tatu unatua Bole, uwanja wa ndege wa Addis. Uwanja uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku baridi yake inaingia mpaka kwenye goti. Sweta iwe mkononi. Unakaguliwa tena, hivyo maji uliyoyanunua Dar yanywe kabla.

Wahabeshi wanahesabu saa kama sisi: saa moja yao ni saa moja yetu ya asubuhi. Ukimuuliza mfanyakazi anaweza kukujibu kwa hesabu hiyo, lakini skrini zinatumia saa za kimataifa. Tazama skrini, tena tazama kila baada ya nusu saa, kwa sababu milango ya kupandia hubadilishwa. Jina la Guangzhou liko jirani na miji mingine ya China. Hakiki namba ya ndege, usifuate tu kundi la watu wenye mabegi makubwa.

Kutoka hapo ni takribani saa kumi hewani. Geuza saa yako iwe ya Guangzhou ukishakaa kitini, na ulale. Filamu zitakuwepo wakati wa kurudi.

Kutua Baiyun

Baiyun ndio uwanja wa ndege wa Guangzhou. Kabla ya madirisha ya uhamiaji kuna mashine za alama za vidole. Weka pasipoti, weka vidole vinne vya kila mkono, halafu dole gumba. Kama mikono yetu ya kazi imekauka na mashine inakataa, pangusa vidole kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Fomu ya kuingia unaweza kuijaza mtandaoni kabla ya safari, au ya karatasi ukifika. Anwani ya hoteli na simu yake ndivyo watakavyovitaka, na vipo kwenye bahasha.

Afisa akikuuliza unakuja kufanya nini, jibu lifanane na viza. Sentensi fupi. Ukianza kumweleza historia ya duka lako atamwita mwenzake mwenye Kiingereza, na foleni yote nyuma yako itakusikiliza.

Mpaka chumbani

Wafanyabiashara wetu wengi hufikia Xiaobei au Sanyuanli, yaani karibu na masoko na watu wanaoelewana nao. Ni kama kilomita 30 kutoka uwanjani. Njia ni mbili.

Metro haifiki yuani 10. Panda laini ya 3 uwanjani, shuka Jiahewanggang, badili laini ya 2. Unaelekea Sanyuanli? Shuka hapo hapo Sanyuanli. Xiaobei? Endelea kituo kimoja mpaka stesheni ya reli ya Guangzhou, badili laini ya 5, kituo kinachofuata ni Xiaobei. Mashine ina lugha ya Kiingereza. Ukilipa inakutemea kidude cha plastiki cha duara kama sarafu. Kigusishe mlangoni unapoingia, na usikipoteze, maana unapotoka unakitumbukiza. Mabegi yanapita kwenye mashine ya ukaguzi kila kituo. Metro hufunga kama saa tano usiku, na saa za watu kutoka kazini usithubutu kupanda ukiwa na mabegi mawili.

Teksi ni yuani mia na kitu kwa mita. Fuata mabango mpaka foleni rasmi, onyesha karatasi yako ya Kichina, hakikisha mita imewashwa. Wale wanaokuita rafiki mlangoni kabla hamjajuana, wapite. Mmoja aliniambia 400 na akanionyesha kitambulisho kinachong'aa kama cha waziri. Ukishazoea, agiza Didi, gari la kuitwa kwa simu, kutoka ndani ya Alipay. Bei unaiona kabla.

Hoteli na polisi

Mgeni yeyote China anatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24 tangu afike. Ukilala hotelini, mapokezi wanafanya wenyewe kwa pasipoti yako. Ukifikia kwa ndugu au kwenye chumba cha kupanga, jukumu ni lako na mwenyeji wako: nendeni kituo cha polisi cha mtaa mkiwa na pasipoti na mkataba wa nyumba. Kuna nyumba ndogo za wageni ambazo, kwa kutojua au kwa uvivu wa kuandikisha, zitakwambia hawapokei wageni wa nje. Mimi iliwahi kunitokea saa nne usiku, nimeshalipia mtandaoni. Tangu siku hiyo hupiga simu kwanza, au humwomba anayeijua hoteli anithibitishie.

Watakudai amana juu ya bei ya chumba. Chukua stakabadhi, maana bila hiyo kuidai siku ya kuondoka ni maneno matupu. Omba kadi ya hoteli yenye anwani ya Kichina, iweke kwenye pochi. Pasipoti tembea nayo, kwani sheria inamtaka mgeni awe nayo na polisi wa Xiaobei hukagua. Namba za dharura: polisi 110, gari la wagonjwa 120, zimamoto 119.

Jioni ya kwanza

Usinunue kitu. Watakufuata vijana wenye kadi za maduka, wengine wakiwa na maneno mawili matatu ya Kiswahili, "mambo, dada, karibu". Pokea kadi, sema asante, endelea. Akili iliyokaa hewani usiku kucha haijui hesabu.

Tafuta chakula. Migahawa ya Waislamu wa China utaitambua kwa kijani na maandishi ya Kiarabu juu ya mlango. Mpishi anavuta donge la unga kwa mikono miwili, analikunja, analivuta tena, linakuwa nyuzi, anazitupa kwenye sufuria. Unaletewa bakuli la tambi za mchuzi wa ng'ombe, na mvuke wake peke yake unakurudishia uhai. Skani msimbo wa mezani, lipa. Hapo ndipo utakapojua kama ile kazi ya SMS uliifanya sawasawa. Maji ya bomba usinywe. Chumbani kuna birika la umeme.

Saa sita usiku ya Guangzhou, mwili wako unajua ni saa moja jioni Dar na unadai story za barazani. Lala hivyohivyo, taa zima, simu mbali. Weka kengele saa mbili asubuhi, ambayo kwako itakuwa saa tisa usiku, na utaichukia. Masoko mengi ya Sanyuanli hayachangamki kabla ya saa nne, kwa hiyo kunywa chai kwanza.